Zamu ya Remei

Klabu yetu ina wanachama arobaini na mmoja
na magari ishirini na sita yanayowaka.
Mengine huja Terramar yamebebwa,
kama mabwana harusi waliozidisha kinywaji.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba
mchungaji hutufungulia lango, huswaga kondoo wake upande wa pili,
nasi twaingia moja moja, kwa gia ya kwanza,
juu ya zege lililopasuka likaota zaatari.

Uwanja huu ni bakuli.
Walioujenga, babu zetu wangali wavulana,
walizikunja kona zake zikasimama kama ukuta,
na ukuta una sheria yake:
ukipita mbio, unakubeba;
ukipita taratibu, unakumwaga.
Pole pole ndio mwendo, lakini si hapa.
Ndiyo maana sisi, wazee wa magoti na rejeta,
huzunguka chini, penye nyasi,
tukiutazama mstari wa juu
kama mtu atazamaye rafu ya dawa, naye hana ngazi.

Mwaka huu Remei Casadevall alilileta gari la marehemu Eudald
juu ya trela la jirani muuza mbao.
Seat mia sita, rangi ya njiwa.
Tangu mazishi halijakohoa.

Tukafunua injini, ambayo iko nyuma, kama siri,
na kila mmoja akawa daktari.
Plagi, alisema Fruitós.
Koili, alisema Bonaventura, naye hajawahi kukosea
tangu kosa lake la mwisho, asubuhi ile ile.
Mimi nilisema petroli imeoza,
kwa kuwa ilibidi niseme kitu.
Penye wazee haliharibiki neno:
tulikuwa wazee sita juu ya kabureta moja,
likaharibika neno, ikaharibika na skrubu.

Remei alikuwa akikata mkate, akiupaka nyanya.
Akafuta mikono, akachomoa pini ya nywele,
akatusogeza kwa kiwiko kama mtu apitaye sokoni,
akazibua kitundu ambacho hakuna aliyekikumbuka.
"Kabureta hii," alisema, "imelala kwenye meza yangu ya jikoni
mara nyingi kuliko wageni walivyolala kitandani."
Gari likawaka. Moshi wa buluu. Kondoo wakageuka.

Tukampigia makofi, tukangoja ateremke.
Hakuteremka.
Alinipa saa kupitia dirishani,
ile ya kubonyeza, ya chuma, yenye ufa kwenye kioo.
"Miaka thelathini na mitatu nimeishika,
nikimhesabia yeye. Leo shika wewe."

Gia ya kwanza. Ya pili, ikasaga meno.
Ya tatu alipofika penye kona,
na pale ambapo sote huulegeza mguu
yeye akaukandamiza.
Nikaliona gari la rangi ya njiwa likipanda
mstari mmoja, halafu wa pili,
limeinama kama mtu aegemeaye mlango asikilize,
mpaka chini yake pakawa na zege tupu
na juu yake ukingo, misonobari, basi.
Bonaventura alivua kofia.
Fruitós, ambaye hatujasemezana tangu uchaguzi wa mweka hazina,
alinishika mkono.
Likatoweka. Tukabaki na sauti yake,
nyembamba, kama cherehani chumba cha pili,
na hakuna aliyetafuna.

Aliporudi uso ulikuwa mwekundu,
pini imepotea, nywele zote mabegani.
"Ngapi?" akauliza.
Nikaitazama saa. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Mwandishi wa daftari la klabu ni mimi.
Safu ya jina: Remei Casadevall.
Safu ya mwenye gari: nimefuta, nimeandika upya.
Safu ya muda nimeiacha wazi,
na pembeni, kwa kuwa Fruitós alisimama nyuma yangu mpaka nikaandika,
neno moja kwa wino:
juu.