Ndoni Muone

Saa tatu usiku tukamwaga sanduku juu ya madawati manne
yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya katani,
darasa la tatu, Langoni,
jedwali la saba ukutani: saba mara nane, hamsini na sita,
na mtoto mmoja amezitia zile saba masharubu.

Uchaguzi mdogo. Kiti kimoja cha wadi,
kwa kuwa aliyekikalia mahakama ilimwinua.
Msimamizi, Bi Mwanaesha Kale,
huinua kila karatasi kama mtu anayekagua noti sokoni,
akaigeuzia mawakala, akaigeuzia taa, ndipo akataja:

Lali.
Lali.
Twaha.
Lali.
Shamsa.
Twaha, Twaha, Lali.

Mimi nachora vijiti. Vinne, na cha tano kinavilalia.

Mawakala hawakubaliani hata juu ya feni.
Wa Lali ataka izimwe, karatasi zinapeperuka;
wa Twaha asema joto ni njama.
Alama imepita mstari, asema huyu. Haijapita, asema yule.
Dole gumba badala ya tiki: robo saa nzima.
Saa tano stima ikakatika, feni ikajizimia yenyewe,
tukaendelea kwa taa ya mlinzi
aliyeishika juu kama anayetutafutia sindano.

Ndipo ikaja ile.

Bi Mwanaesha aliifungua akanyamaza.
Picha tatu, majina matatu, visanduku vyote vitupu,
na juu yake, kuanzia sikio la Lali hadi mtandio wa Shamsa,
kwa kalamu ya buluu iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka:

*Mtaro wanuka. Ndoni muone.*

Hati ile naijua.
Ile k inayoburuta mkia, ile m yenye vilima vinne.
Nimeiona tangu sijui kusoma, kwenye vipakiti vya,
tuseme achari. Si achari, lakini tuseme.
*Kali. Shilingi kumi.*
Nikatazama mezani.
Wakala wa Lali ni mteja wa pale.
Wa Twaha ana deni, nimeliona daftarini.
Wa Shamsa alikuwa nacho kimoja mfukoni, shati limeloa mafuta.
Mlinzi akaisogeza taa pembeni, taratibu,
kama mtu anayerudishia mlango wa chumba cha wenyewe.

Hakuna aliyetaja jina.
"Imeharibika?" akauliza Bi Mwanaesha.
Imeharibika, wakajibu watatu,
mara ya kwanza usiku ule kwa sauti moja.
Nikaandika: zilizoharibika, kumi na nne.

Ile ikaingia bahasha, bahasha ikaingia sanduku,
sanduku likapigwa lakiri, likapelekwa ghalani
likae humo miaka yake, kisha lichomwe.
Kwenye wadi nzima Lali alishinda kwa kura tisa.

Alfajiri nilirudi kwa njia ya mtaro.
Ubao wa kuvukia umeoza katikati.
Maji meusi, maganda ya vitunguu, kandambili moja ya mtoto.
Watu wa Lali wakaja kwa ngoma na vigelegele,
lakini uchochoro haupitishi wawili,
shangwe ikabidi ipange foleni,
kanzu zimeinuliwa, mabuibui yamekunjwa,
na mheshimiwa mpya akaruka.
Aliruka vizuri, bila kutazama chini.
Amezaliwa nyumba ya tatu kutoka pale.

Yeye alikuwa mlangoni, anafunga vipakiti.
"Nani?" akaniuliza.
Nikamwambia.
"Kwa ngapi?"
"Tisa."
Akaandika *Kali* kwenye kimoja, akakiweka kando, akachukua kingine.
"Na zilizoharibika?"
"Kumi na nne," nikasema. Kisha, kwa kuwa sikulala,
na kwa kuwa harufu ilikuwa imeshaingia mpaka kwenye mate:
"Moja tuliisoma sote."

Aliimaliza ile k, mkia wake mrefu, bila haraka.
"Mliisoma," akasema.
"Kisha?"