Daftari la Kijani

Jumatatu nalipiga simu duka la Makadara.
Mishi akaniandika kwenye daftari la kijani:
"Fundi yuko njiani, mama."

Fundi Kitsao halijui daftari la kijani.
Yeye hufuata vikaratasi
anavyobandika meneja mlangoni mwa stoo,
na feni ikikaza, vyote huanguka uvunguni.

Jumanne: "Kwani hajafika?"

Jumatano akafika. Akaigeuza friji, akatikisa kichwa.
Kompresa iko stoo, ufunguo anao Athumani,
Athumani yuko msibani Likoni,
na hakuna aliyemuuliza kabla hajavuka feri.

Alhamisi wakaja wawili,
kila mmoja na kompresa yake,
kila mmoja kashangaa kumwona mwenziwe.
Zote mbili si za friji yangu.

Mimi nauza barafu za ukwaju langoni mwa shule, Tudor,
kumi kumi, watoto wanijua.
Ukwaju umechacha. Nimeumwaga mtaroni,
nzi wakawa ndio wateja wa wiki.

Si watu wabaya, nisiwasingizie.
Mishi ana sauti ya asali,
Kitsao alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Ila kila mtu na daftari lake,
nami nimepotelea baina ya madaftari.

Leo simu imelia. Sauti ngeni, changamfu:
"Mama, umeridhika na huduma yetu?
Moja hadi kumi?"

Nikaitazama friji, mlango wazi,
mjukuu kapanga ndani viatu vya shule.

"Nitakwambia, mwanangu.
Lakini kwanza, waandika daftari gani?"