Upupu

Mkono wa kulia ndio ulioanza.
Baba alidhani ni baridi ya Julai,
ile ya Nairobi, isiyo na mvua wala jua,
akapasha viganja kwenye kikombe cha chai
akarudi kwenye kimeza chake, chini ya ngazi, mtaa wa Luthuli,
kati ya muuza chaja na fundi wa mihuri.

Miaka thelathini na minne amefungua saa za watu.
Skrubu ndogo kuliko punje ya wimbi
ilimtii bila neno.
Siku hiyo iliruka, ikalia sakafuni, ikapotea.
Baba akapiga magoti kuitafuta
huku mkono ukisokota kitu kisichokuwepo,
gumba juu ya kidole cha shahada,
kama ahesabuye noti za mtu mwingine.

Daktari alitaja jina la ugonjwa. Baba akalikataa.
"Hilo ni jina la Mzungu. Mrudishie mwenyewe."

Mama Nyamoita, auzaye mizizi Marigiti,
akamfungia mbegu nyeusi kwenye gazeti:
"Fundi Kisilu, saga. Kijiko asubuhi, na uji."
Nikaifungua karatasi jikoni, Kariobangi,
nikazijua.

Upupu!
Tuliupaka kwenye kiti cha mwalimu Kasyoka,
darasa la sita, Kibwezi,
tukala viboko sita sita wala hatukujuta.
Pilipili usiyoila yakuwashiani, husema wahenga;
upupu hauna adabu hiyo,
huwasha hata mpita njia aliyekuja na salamu tu.

Mimi huvaa koti jeupe, maabara ya Chiromo, ghorofa ya pili.
Niliiba saa moja ya mashine baada ya kazi,
nikasaga, nikachuja, nikangoja,
mpaka kwenye skrini kikapanda kilima,
chembamba, kirefu,
mahali palepale kinapopanda
kilima cha vidonge vya hospitali.
Levodopa.
Ndani ya ganda liwashalo,
dawa ya mkono usiotulia.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikapima mbegu ya pili:
kilima kikawa nusu.
Ya tatu: kikakipita cha kwanza.
Gazeti moja, mbegu tatu, na kila moja na neno lake.
Kijiko kilekile leo ni dawa, kesho ni uji mtupu,
keshokutwa ni kichefuchefu na dari inayozunguka.

Nikaenda kumwambia. Hakukasirika.
"Wewe una mashine," akasema, akifunga majani ya mwarubaini kwa uzi wa mgomba,
"mimi nina wateja wasio na nauli ya kuifikia.
Niambie basi, kijiko kiwe kiasi gani?"
Sikuwa na jibu.
Bado sina. Nina madaftari mawili yaliyojaa,
na barua za kuomba pesa za utafiti
zinazojibiwa kwa upole mwingi.

Baba humeza vidonge sasa, akiilaani bei.
Dakika arobaini, kisha mkono hulala
kama paka juu ya goti.
Fundi wa saa naye amepimiwa saa zake:
tatu, labda tatu na nusu, kabla ya kutetemeka kurudi.
Huzitumia zote kwenye kimeza.
Hapokei simu.

Jana alinikuta nikibandika karatasi kwenye chupa ya mbegu.
Akachukua moja, akaiviringisha
gumba juu ya kidole cha shahada,
safari hii kwa kutaka kwake.
"Sisi tuliukimbia huu," akasema.
"Nani aliyeukaribia wa kwanza, akautafuna?"
Nikasema sijui.
"Basi alijikuna sana, maskini,"
akasema Baba, akairudisha mbegu.
Akaukosa mdomo wa chupa.
Akaiokota.
Mara ya pili ikaingia.