Kofia Kumi na Tisa

Tangazo limebandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo
kwenye mlango wa posta, na mbuzi amekwisha kulamba kona yake:
kuanzia Jumatatu, mizani inalala.
Sikulisoma mara mbili.
Nilihesabu vidole. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, nusu ya Jumamosi.
Siku tatu na nusu, kofia kumi na tisa.

Mimi Kabedi, mfumaji wa Katuba,
duka langu linaingia ndani ya fundo la kitenge:
simu yenye ufa, picha kumi na mbili,
mwanga wa dirishani kabla vumbi jekundu halijaamka.
Wateja wangu siwajui kwa sura.
Nawajua kwa vipimo vya vichwa vya watoto wao.

Usiku ule umeme ulikatika, kama desturi yake,
nikawasha mshumaa, nikafungua daftari.
Kwanza nilipanga kwa pesa: aliyelipa yote juu,
aliyelipa nusu chini,
aliyesema "nitatuma kesho" chini kabisa, na alama ya kuuliza.
Kisha nikafuta.
Nsenga wa Kolwezi hajanilipa hata senti,
lakini mwezi wake ni huu,
na mimba haijui mgomo.
Yule wa Kamina amelipa zote, ila mwanawe ana miaka miwili;
kichwa kitangoja, kikikua nitaongeza mistari miwili ya sufu.

Nikaandika ujumbe, mmoja mmoja,
si ule wa kunakili na kumwaga kama maji ya kuoshea vyombo:
"Posta itafunga. Kofia yako ninayo, ya bluu, imekamilika.
Sina la kukuahidi ila hili: haitauzwa kwa mwingine.
Ukitaka pesa yako, sema, irudi leo."
Wawili walisema. Niliirudisha, na iliniuma
kama sindano inayopita chini ya ukucha.
Mmoja alinitukana kwa herufi kubwa.
Wengine: ngoja, nasi tutangoja.
Wengine kimya. Kimya nacho nikakiandika.

Kwenye mabasi, dereva alipima kifurushi kwa kiganja
akataja bei ya mbuzi mzima.
Kofia dola nne, safari dola tatu, hapo unafuma nini?
Nikazifunga tano za Likasi ndani ya mfuko mmoja wa chumvi,
kwa jina la mtu mmoja, Kayembe fundi saa;
wenyewe wakachukue kwake.
Nauli moja, vichwa vitano.
Mwaka jana sikuyajua haya. Mwaka jana niliketi tu nikisubiri,
vifurushi vikalala ghalani wiki saba
na nondo wakanifumulia kazi yangu.

Ijumaa nikafika dirishani na kile cha Kolwezi.
Nyuma ya mizani, Mwilambwe, kola ya shati imegeuzwa,
kikohozi kikimtangulia kila neno.
"Miezi tisa bila mshahara," alisema akigonga mhuri.
"Miezi tisa, mama, na hakuna kilichozaliwa."
Akakiweka kifurushi juu kabisa ya gunia, kwa mikono miwili.
"Hiki kinaondoka usiku huu. Jumatatu usinitafute humu."

Sikuwa na jibu. Siku zote zile nilikuwa nikijiandaa
kama dhidi ya mvua, dhidi ya wizi,
kumbe ni dhidi ya mtu huyu.

Jumatatu nilipita na sufuria:
bukari, lengalenga, samaki wawili wa kugawana watu tisa.
Walikuwa wameketi nje ya mlango uleule, wakanawa kwa zamu.
Hakuna aliyetoa hotuba.
"Kolwezi wamejibu?" akauliza Mwilambwe.
Nikampa simu yenye ufa.
Kichwa kimoja kidogo, kofia ya manjano,
kubwa mno, imeshuka mpaka puani.
"Nilikosea kipimo," nikasema.
Akaitazama kwa muda, akamega tonge.
"Itamtosha," akasema, "kabla sisi hatujarudi kazini."