Siku Mbili za Idris

Umeme umekatika Makina tangu magharibi.
Marjan ameegemeza simu kwenye kopo la sukari, tochi juu,
amefungua daftari la mraba, lile la hesabu,
na kwa mwandiko wa karani wa reli aliyestaafu
ameandika: SANTO DOMINGO. JUMAMOSI. JUMAPILI.

Meli ya mtoto itatia nanga siku mbili.
Siku mbili, baada ya miezi kumi na minne
ya kuwakaangia wageni nyama asiyoila yeye.
Anapima chumvi kwa pua, aliniambia,
na hakuna sahani iliyorudishwa.

"Saa mbili ngome," anasoma Marjan.
"Saa tatu kanisa kuu la kale. Saa nne makumbusho.
Saa tano na robo..."
Na robo! Baba Idris, hii si treni ya Kisumu.
Nipe kalamu.

Nafuta ngome. Nafuta makumbusho. Nafuta robo.
Naacha ule mtaa wa mawe, asubuhi, kukiwa na kivuli,
tutembee kama watu waliokwisha kufika,
na tukiona benchi, tukae,
na tukikaa, asiniulize mtu tunaondoka saa ngapi.

Chakula nimekiulizia mapema,
Idris akinijibu kwa sauti iliyokatwakatwa na bahari:
Maharage yao matamu, mama, lakini uliza mafuta.
Keki zao laini, lakini uliza zimeloweshwa nini.
Samaki hana neno. Uliza sufuria yake.
Basi ni samaki, wali, ndizi za kukaanga
na mihogo.
Mihogo! Tuvuke dunia nzima kwenda kula mihogo.

Nyuma ya kadi yangu ya kliniki nimeandika
*sin cerdo, sin ron*,
na Marjan anakariri kama mtoto wa chuo,
"sini serido, sini roni," kwa sauti ya kuongoza swala,
hata Bi Zeinabu, ng'ambo ya ukuta wa mabati,
anauliza kuna mgonjwa?

Kibla nacho.
Hapa tunaelekea kaskazini, kama waendao Thika.
Kule ni mashariki, uchepuke kidogo kushoto,
maji matupu mbele yako.
Na adhuhuri ikiingia kwao, kwetu ni isha.
Kumbe nilipokuwa nakunja mswala nikalale,
yeye alikuwa anatafuta pa kutandika wake
nyuma ya magunia ya vitunguu.
Hilo sikuwahi kulihesabu.
Naliandika pembeni. Nalifuta.

"Yale mawe," namuuliza Marjan, "aliyapanga nani?"
Hajibu upesi.
Babu yake aliletwa Kibra na vita visivyo vyake,
bunduki ya serikali begani,
akaambiwa msitu huu ndio kwenu, jenga.
Kule pia walivushwa watu,
wala hawakuulizwa Jumamosi ama Jumapili.
Wamo, nadhani, waliozijua nyakati za swala,
wakalitafuta jua
kwa kivuli cha ukuta waliokuwa wakiujenga.

Nairudisha ngome.
Bila saa. Bila picha.
Niuguse ukuta kwa kiganja, basi, twende zetu.

Jumapili Marjan ameipangia mashua, soko, na mnara.
Napiga mstari mmoja mrefu
na chini yake naandika: *alale*.
Alale kitandani kwetu hotelini, viatu chini,
mimi nikimtazama kisigino,
kama bado kinapasuka wakati wa baridi.
Huko hakuna baridi, anasema Marjan.
Nitatazama tu.

Simu inabakiwa na chaji asilimia nne.
Nje mtu anawasha jenereta, inakohoa, inazima.
Marjan amefunga daftari, kisha amelifungua tena,
ukurasa wa mwisho, na ananiuliza taratibu,
kama anayeulizia habari za mgonjwa:
unga wa gurusa najua wataupitisha,
lakini samli, Mama Idris,
samli wanairuhusu ndani ya ndege?