Mizani ya Chama cha Msingi

Miaka yote nimegombana na mizani
nikitaka iseme zaidi.
Gunia limekatwa uzito wake, unyevu umekatwa,
na Chilumba, karani, anaandika bila kuinua uso.
Leo nimekuja sina hata punje ya korosho.
Nimebeba fremu tatu za baiskeli begani,
uchi, hazina magurudumu, hazina cheni,
na ninaiomba mizani, kwa mara ya kwanza maishani,
iseme kidogo.

Chilumba alicheka hadi kalamu ikamwanguka.
Ile mizani kubwa ya magunia haikutikisika,
akatoa ndogo, ya kupimia sampuli.

Fremu nimeazimwa na Somoe wa karakana ya stendi;
kofia yangu imebaki kwake rehani.
Alikuwa fundi cherehani kabla ya kushika spana,
na hadi leo hupima watu kwa futi ya nguo.
"Hapo juu ya paja shika mwenyewe," alisema,
akageuzia uso ukutani. Kisha mgongo, kisha mkono.
"Kiwiliwili kirefu, miguu mifupi.
Fremu ya bomba la juu mlalo itakuumiza pabaya.
Ndefu mno nayo, utalala juu yake
kama shuka limeanikwa."
Maneno hayo hakunitoza.

Nyumbani Asumini aliuliza mara moja tu:
"Hela yote ya mnada, na si pikipiki?"
Sikumjibu vizuri. Nilisema mafuta, nilisema bima.
Sikusema kwamba ile Foniksi ya marehemu baba,
chuma juu ya chuma,
kwenye kilima cha Kitangari
haijulikani nani kampanda nani.
Sikusema kwamba mgongo wangu, hapa,
pingili ya tatu kutoka chini,
unaujua kila mzizi wa njia ile kwa jina.

Ya kwanza: nyeusi, chuma kinene. Kilo tatu na robo.
Hiyo ni Foniksi iliyovaa suruali mpya.

Ya pili: alumini ya kijivu, maandishi yamebanduka.
Kilo moja na nusu, na kidogo.
Niliiinua kwa kidole kimoja nikaogopa.
Sisi wa Newala tumelelewa kuutilia shaka wepesi:
korosho nyepesi ni mbovu,
ahadi nyepesi ni ya mtu wa kangomba.
Chilumba aliigonga kwa ukucha, ikalia kama sahani.

Ya tatu: chuma, lakini chembamba,
rangi ya papai lililoiva upande mmoja.
Kilo mbili. Sindano ilitetemeka, ikatulia hapo.

Springi ya nyuma haipo hata kwenye moja.
"Mchanga wetu huu," Somoe alisema, "utaila kabla ya Kwaresima.
Foki ya springi weka mbele, nyuma acha kavu.
Raha itafute kwenye bomba."
Akaikaza kila fremu kwenye jiliwa, akachomeka siti,
akaniambia nikae, nifumbe macho.
Kisha akapiga chini, kule gurudumu lingekuwa,
kwa nyundo ya mpira.

Kwenye alumini pigo lilinifikia zima,
kama barua ya deni iliyoletwa mkononi.
Kwenye chuma chembamba
pigo lilifika limechoka.

Nikasema: rudia.
Akarudia. Nikasema: rudia tena,
na vijana wa stendi walikuwa wameshajaa mlangoni
kumtazama mtu wa miaka hamsini na miwili
aliyefumba macho juu ya baiskeli isiyo na miguu.

Nusu kilo. Msimu wa mnada
nusu kilo ningeipigania hadi ghala lifungwe.
Nimeiachia.

Magurudumu yatasubiri malipo ya pili.
Kwa sasa inaning'inia kwenye msumari, chumbani,
pale palipokuwa na kalenda ya chama.
Usiku nimeamka mara mbili kuipima kwa kidole,
na ile mara ya pili Asumini aliketi kitandani,
akajifunga kanga vizuri, akanyoosha mkono gizani:
"Lete na mimi niinue."