Mbegu Tisa katika Kopo la Vifungo

Tulipogawana vitu vya mama
Ripeka alichukua cherehani,
Tiopira akachukua saa ya ukutani isiyotembea.
Mimi nikabaki na kopo la biskuti lililojaa vifungo:
vya koti la jeshi, vya gauni la kipaimara,
kimoja cha shaba chenye nanga,
na chini kabisa, ndani ya bahasha ya dawa,
mbegu tisa za rangi ya maini, zenye madoa meusi,
na mwandiko wake wa penseli:
*Genge la juu. Kabla ya kimbunga.*

Genge lenyewe halipo.
Liliporomoka usiku ule Waiapu ilipomeza daraja,
likaondoka na kichaka kilichoning'inia pale,
chekundu hata ukikitazama kutoka barabarani.
Ngutukākā, alikiita mama: mdomo wa kaka.
Kaka huyo si ndugu, ni kasuku wa msituni,
naye siku hizi humwoni huku kwetu.

Mimi ni fundi wa matrekta.
Vidole vyangu vinajua nati.
Bi Huhana wa kitalu cha miche aliniambia kwa simu:
ganda lake halipitishi maji, lipige msasa,
taratibu, upande wa mgongo,
usiguse jicho.
Nikachukua msasa ninaosugulia plagi,
nikavaa miwani juu ya miwani,
nikasugua kitu kisichozidi nukta ya mwandiko wake.
Moja ilinichomoka, ikaruka,
ikaingia kwenye ufa wa sakafu.
Nane.

Nikazilaza kikombeni kwenye maji ya vuguvugu.
Asubuhi tano zimevimba kama kupe walioshiba,
tatu zimebaki mawe.
Nikazirudia zile tatu kwa hasira, nikavunja moja.
Nikaweka msasa chini. Nikanywa chai.

Majuma mawili nilikaa jikoni kuota moto,
trei ya udongo kando ya jiko, iote nayo,
na nikisinzia naota
mama anahesabu vifungo kwa sauti
na kila mara anakosea akifika tisa.
Mbegu ziote, mimi niote: nani alimtangulia mwenzake?

Siku ya kumi na moja udongo ulinyanyuka.
Mgongo kwanza, umepinda,
kama mtoto anayehangaika kuvua fulana,
kisha kichwa, kisha majani mawili yaliyokunjamana.
Ikifika Jumapili, miche mitatu.

Wa kwanza aliliwa na konokono,
akaacha mstari wa fedha juu ya udongo
kana kwamba amelipa.
Wa pili aliliwa na mbuzi wa Paratene.
Paratene akaja kuomba radhi
na mguu wa mbuzi yuleyule.
Tuliuchoma, tukaula na viazi vitamu.
Ulikuwa mtamu. Sikumwambia.

Wa tatu nikamzungushia wavu wa kuku,
na juu ya wavu, bati,
na juu ya bati, matusi.

Ripeka anasema mama aliziweka makusudi.
Tiopira anasema alizisahau,
kama alivyotusahau sisi mwishoni,
akituita kwa majina ya mbwa waliokwisha kufa.
Mimi sijui.
Mama hakutupa kitu. Kifungo kisicho na koti,
kwake bado kifungo.

Septemba hii, ya tatu, kimechanua.
Vishada vimeinama hadi kwenye wavu,
vyekundu kama... nimejaribu siku nzima,
taa ya breki, damu, midomo ya Ripeka kanisani.
Basi. Vyekundu.
Tui mmoja alikuja alfajiri, akatoboa, akanywa, akaenda zake.
Hakuuliza ni cha nani.

Juzi nilikuwa nafagia jikoni
nikasimama kwenye ule ufa.
Chini ya mbao ni pakavu, pana giza,
palivyo ndani ya kopo.
Nilishika bisibisi.
Nikairudisha mfukoni.
Nafagia kando kando sasa.